Hatshepsut, Malkia wa Misri, na Miti ya Uvumba

Mtu akifiwa katika miji yetu, jirani zake humpelekea ubani. Siku hizi wengi wakilisikia neno hilo hufikiri habari za fedha tu, yaani zile shilingi zinazotiwa katika sahani penye msiba na kuandikwa katika daftari. Lakini ubani wenyewe si fedha. Ni utomvu wa mti, ulioganda ukawa kama vijiwe vya rangi ya maziwa au ya asali, nao ukiwekwa juu ya makaa katika chetezo hutoa moshi wenye harufu nzuri. Watu wa pwani huufukiza penye maiti, na penye mzazi, na penye arusi. Jina la utomvu limehamia kwenye fedha ya rambirambi, na ni wachache waulizao sababu.

Walimu wetu huulizwa swali linalofanana na hilo kila mwaka, sikukuu ya Epifania ikikaribia. Wanafunzi huona ni sawa mamajusi kumletea mtoto Yesu dhahabu, maana dhahabu yafaa kwa mfalme. Hushangaa lakini kwa nini uvumba na manemane, ambavyo ni utomvu wa miti ya nyikani, viliwekwa pamoja na dhahabu kana kwamba thamani yao ni moja. Tumeona vema kulijibu swali hilo kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja aliyekufa zaidi ya miaka 1,400 kabla ya mamajusi kufika Bethlehemu. Alikuwa mwanamke, naye alimiliki Misri kama mfalme. Huyu hakuridhika kununua uvumba. Alituma merikebu zake kuileta miti yenyewe.

Jina lake lilikuwa Hatshepsut, na maana yake ni wa kwanza katika wanawake wenye heshima. Baba yake alikuwa Farao Thutmose wa kwanza, mtu wa vita, aliyekwenda na jeshi lake kusini hata ndani ya nchi ya Kushi, na kaskazini hata mto Frati. Mama yake alikuwa malkia Ahmose. Aliozwa kwa ndugu yake wa baba mmoja, Thutmose wa pili, kwa desturi ya nyumba ya Farao, ambayo kwetu ni haramu. Wakapata binti, jina lake Neferure. Yapata mwaka 1479 kabla ya Kristo mumewe akafa, na ufalme ukamwangukia Thutmose wa tatu, mtoto mdogo aliyezaliwa na mke mwingine aitwaye Isis.

Kwa kuwa mfalme alikuwa angali mtoto, Hatshepsut akawa mwangalizi wa nchi kwa ajili yake. Katika hilo hapakuwa na ajabu. Wamekuwapo malkia wengine waliofanya vivyo hivyo kabla yake. Ajabu ilikuja baadaye. Hata ulipofika mwaka wa 7, alikuwa amekwisha kujitwalia majina yote ya Farao pamoja na taji zote mbili, ya Misri ya juu na ya Misri ya chini. Yule mtoto hakuuawa wala hakufukuzwa. Jina lake liliendelea kuandikwa, ila mahali pa pili.

Wachoraji wakamchora Hatshepsut amevaa kama mwanamume, na ndevu za bandia kidevuni, kama walivyovaa mafarao wote. Wako wanaodhani alitaka kuwadanganya watu wasijue kwamba ni mwanamke. Sisi hatuoni hivyo, maana katika maandishi yake mengi huitwa binti, na lugha ya Kimisri hutenganisha mke na mume katika maneno yake. Kila mtu alijua. Shida yake ilikuwa nyingine. Katika Misri Farao alihesabiwa kuwa mwana wa mungu, naye ilimpasa kuonyesha kwamba yeye, ijapokuwa ni mwanamke, alizaliwa vivyo hivyo.

Ushahidi wake aliuchora ukutani mwa hekalu alilolijenga mahali paitwapo leo Deir el-Bahari, upande wa magharibi wa mto Nili, mkabala wa mji wa kale wa Thebes. Picha hizo zasimulia kwamba Amun, mungu mkubwa wa Thebes, alimwendea malkia Ahmose kwa sura ya mumewe. Malkia alikuwa amelala. Alijuaje basi kwamba aliyeingia si mumewe? Hakumjua kwa uso, maana uso ulikuwa ule ule wa mumewe. Aliamshwa na harufu. Nyumba yote ya mfalme ilijaa manukato ya nchi ya Punt, nchi ya uvumba, naye kwa hayo akatambua ya kuwa ni mungu.

Sisi tulio Wakristo hatuhitaji maneno mengi kuikanusha hadithi hiyo; ilitungwa ili kukitegemeza kiti cha enzi. Hata hivyo msomaji mwangalifu atapata humo nusu ya jibu la swali letu. Kwa Wamisri harufu nzuri haikuwa pambo. Ilikuwa alama ya kuwa mungu yupo karibu, kama nyayo zilivyo alama kwamba mtu amepita. Uvumba waliuita senetjer, na wenye kuijua lugha ile husema maana yake ni kile kinachokifanya kitu kuwa cha kimungu. Walipoifukizia sanamu hekaluni, au mfalme, au maiti mbele ya kaburi, walifikiri wanamvika harufu ya miungu ili apokelewe nayo.

Wala utomvu huu haukukaa mkononi mwa kuhani tu. Kuna kitabu cha waganga wa Misri kilichoandikwa juu ya mafunjo yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, yaani siku za mababu wa Hatshepsut; kwa urefu chapata mita 20, na dawa zilizomo zapita 800. Humo uvumba na manemane hutajwa mara nyingi, vikisagwa na kuchanganywa na asali au mafuta kwa vidonda, na kuchanganywa na manukato mengine ili kunukisha nyumba, na nguo, na hata kinywa. Wachunguzi wa siku zetu wamejaribu manemane wakaona kweli huzuia baadhi ya vijidudu vinavyoozesha jeraha. Nasi tukiutazama mti wenyewe hatutastaajabu sana. Mti hautoi utomvu wake kwa ajili yetu. Ukikatwa ganda, au ukitobolewa na wadudu, hutoa utomvu huo kuliziba jeraha lake lisioze. Mganga alichukua dawa ya mti akaitia katika kidonda cha mtu.

Mkono wa tatu ulikuwa wa wale waliozipaka maiti dawa. Walimu wanakumbuka kwamba waganga wa Misri walimpaka dawa Israeli, baba yake Yusufu, wakatumia siku arobaini. Katika kazi ile utomvu wa namna mbalimbali uliyeyushwa, ukapakwa mwilini na kumwagwa juu ya vitambaa vya kuzongea. Ulizuia kuoza, ukafunika harufu ya mauti, tena ukampa marehemu harufu ya miungu. Kwa Mmisri mambo hayo matatu hayakutengana. Kuhani, mganga na mzishi walichota katika mfuko mmoja.

Tumelisimulia hili kwa urefu kwa sababu ya jambo moja. Miaka kadhaa iliyopita tuliitwa nyumbani kwa mzee mmoja wa kanisa aliyemfukuza mama mkwe wa mwanawe. Mama yule, mtu wa pwani, alikuja kumtunza binti yake aliyejifungua, na siku ya tatu akafukiza ubani chumbani mwa mzazi, kama mama yake mwenyewe alivyomfanyia. Mzee akasema ameiletea nyumba yake mizimu, akaitupa chetezo nje pamoja na makaa yake. Tulikaa nao hata usiku. Tulimwuliza mama yule alikuwa akimwita nani kwa moshi ule, naye akajibu kwamba hakuwa akimwita mtu yeyote. Chumba kilinuka damu, basi. Mzee hakupenda jibu hilo, lakini alimruhusu kurudi. Tangu siku ile tumejifunza kuuliza kwanza ni mkono gani wa ile mitatu ulioshika chetezo, kabla hatujasema neno.

Sasa na tuirudie habari ya miti. Uvumba hutoka katika miti ambayo wataalamu huiita Boswellia, na manemane katika jamaa ya Commiphora. Yote miwili hupenda nchi kavu yenye mawe. Uvumba huota Omani upande wa Dhofar, na Yemeni, na kaskazini mwa Somalia, na Ethiopia, Eritrea na Sudani. Manemane huota Somalia, Ethiopia na Yemeni, hata kaskazini mwa Kenya. Tena ndugu zake wa jamaa hiyo wapo wengi katika nyika zetu za Tanzania, na mmoja wao Wamasai huuita osilalei. Mvunaji huparuza ganda kwa kisu kidogo, utomvu mweupe hutoka kama maziwa, naye huuacha majuma mawili hivi hata ukauke. Kisha hurudi kuyabandua matone na kuparuza tena. Ni kazi ya jua kali na ya subira.

Miti hiyo haikuota Misri. Kwa hiyo Misri, nchi yenye nafaka na dhahabu na majeshi, ilikuwa maskini wa kitu kimoja, nacho ndicho kile ambacho bila hicho hekalu halikuweza kufanya ibada siku moja. Yapata miaka elfu moja kabla ya Hatshepsut, Farao Sahure alikuwa amepata kutoka Punt vipimo 80,000 vya manemane, na wafalme wengine walituma watu huko baada yake. Lakini kwa zamani za karibu na Hatshepsut utomvu ulifika ukipita kutoka mkono hata mkono, kila mkono ukitwaa faida yake. Yeye mwenyewe aliandika jambo hilo ukutani kama lawama juu ya nyakati zilizomtangulia. Ndipo anaposimulia ya kuwa Amun alimwagiza atafute njia ya kwenda Punt na kuileta miti, ipandwe katika bustani ya mungu.

Msafara ulikwenda na kurudi, na maandishi yanahesabu ulikuwa mwaka wa 9. Mkubwa wake aliitwa Nehesi, mtunza mhuri wa Farao. Ukutani zimechorwa merikebu tano zenye tanga na makasia, na chini yake samaki wa Bahari ya Shamu wamechorwa kwa uangalifu hata wajuzi wa samaki huweza kutambua namna zao. Kutoka mtoni mpaka bahari hiyo ni jangwa la kilometa 150 hivi. Tangu mwaka 2001 wachimbaji walifanya kazi mahali paitwapo Wadi Gawasis, ufuoni, wakakuta mapango yenye kamba za merikebu zimekunjwa vizuri, na mbao za merikebu, na makasha yaliyoandikwa jina la Punt. Vitu hivyo ni vya wafalme waliotangulia kwa karne kadhaa, lakini vyaonyesha jinsi kazi ile ilivyofanywa: merikebu ziliundwa kando ya Nili, zikafunguliwa mbao kwa mbao, zikachukuliwa jangwani, zikaungwa tena baharini.

Punt ilikuwa wapi? Wataalamu wamebishana juu ya neno hilo kwa muda mrefu, na wengi huitafuta katika pwani ya Sudani, Eritrea, Ethiopia na Somalia. Msaada mkubwa umetoka kwa nyani. Wamisri waliwaleta nyani kutoka Punt, nao walipokufa wakawapaka dawa kama watu. Mizoga hiyo ilipochunguzwa, majibu yaliyotolewa mwaka 2020 na mwaka 2023 yalielekeza upande wa Pembe ya Afrika, na hasa pwani ya Eritrea. Kwa hiyo habari hii ni habari ya bara letu kwa pande zote mbili, ya waliotuma na ya waliotumiwa.

Picha za Punt zatupendeza kuliko zote. Nyumba zake ni za mviringo, zimejengwa juu ya nguzo, na mtu hupanda kwa ngazi. Kandokando yake pana mitende na miti ya manemane. Mkuu wa nchi, aitwaye Parahu, atoka kumlaki Nehesi pamoja na mkewe Ati. Mama huyu amechorwa ana mwili mnene sana, na nyuma yake yupo punda wake wa kumpanda. Wageni wengi wameicheka sura hiyo. Sisi twapenda zaidi kulitazama meza lililowekwa kati ya Nehesi na mwenyeji wake, maana juu yake zipo shanga, bangili, shoka na jambia. Maandishi ya Farao husema Punt ilileta kodi kama nchi iliyoshindwa. Picha husema kweli kuliko maandishi: hayo yalikuwa maafikiano ya kubadilishana vitu, na mwenye miti alipokea bei yake.

Miti ikang'olewa pamoja na udongo wa mizizi yake, ikatiwa katika vikapu, watu wakaichukua kwa miti ya mabegani hata merikebuni. Merikebu zikapakiwa pia marundo ya utomvu, na mipingo, na pembe za ndovu, na dhahabu, na wanja, na ngozi za chui, na mbwa, na nyani ambao wachoraji waliwaonyesha wakirukaruka juu ya kamba za tanga. Watu wa Punt nao walikuja pamoja na watoto wao. Miti iliyohesabiwa ni 31.

Walipofika Thebes, utomvu ukamwagwa marundo marundo mbele ya Amun, ukapimwa kwa pishi, naye Thoth, mungu wa waandishi, amechorwa akiandika hesabu. Farao hakumwachia mtumishi kazi yote ya kupima. Asimulia kwamba alitwaa manemane iliyo bora kwa mikono yake mwenyewe akajipaka mwilini mwote, hata harufu yake ikachanganyika na harufu ya Punt, na ngozi yake ikang'aa kama dhahabu mbele ya nchi yote. Hapo twaona shabaha yake. Harufu iliyomtambulisha Amun chumbani mwa mama yake ndiyo hiyo sasa iliyotoka katika mwili wake mchana, watu wakiona. Kumbe msafara wote ulikuwa ushahidi wa pili, baada ya ule wa kuzaliwa kwake. Na ushahidi huu watu waliweza kuunusa. Twakiri kwamba ulikuwa ujanja, lakini ujanja wa mtu aliyewajua watu wake. Mfalme mwingine katika shida yake angalikwenda vitani kutafuta utukufu. Katika miaka 20 hivi ya kumiliki kwake, jambo alilolitukuza ukutani kuliko mengine lilikuwa safari ya biashara.

Mambo yake mengine tutayapitia kwa haraka. Hekalu lake aliliita kwa jina lenye maana ya Takatifu ya matakatifu. Limepanda kwa madaraja chini ya jabali kubwa, na hata leo hakuna jengo la Misri la kale linalosifiwa zaidi kwa uzuri wa umbo. Aliyesimamia kazi alikuwa Senenmut, mtoto wa watu wa kawaida, aliyekuwa pia mlezi wa Neferure. Yapo maneno juu ya Senenmut na malkia ambayo watu hupenda kuyarudia. Hatuyaandiki, kwa kuwa hayana ushahidi. Katika Karnak alisimamisha nguzo za jiwe moja moja, na mojawapo ingali imesimama, yapata mita 29 kwenda juu. Tena baadhi ya vitabu vilisema Hatshepsut ndiye yule binti Farao aliyemtoa Musa majini. Walimu wasifundishe hivyo. Kitabu cha Kutoka hakikumtaja binti yule kwa jina, wala maandishi ya Misri hayana neno juu yake.

Alikufa yapata mwaka 1458 kabla ya Kristo. Thutmose wa tatu, aliyekuwa sasa mtu mzima, akamiliki peke yake zaidi ya miaka 30, akawa mpigana vita mkubwa kuliko mafarao wote. Hakumharibia jina mara moja. Ilipopita miaka 20 au zaidi ndipo mafundi walipotumwa na patasi kuziondoa sura zake ukutani, na majina yake yakafutwa, mahali pengi yakiandikwa ya Thutmose wa kwanza au wa pili badala yake. Waliofanya hivyo hawakuwa na chuki ya ghafula. Twaona zaidi kwamba mfalme mzee alitaka mwanawe arithi ufalme pasipo mtu kukumbuka kuwa mwanamke aliwahi kuukalia. Sanamu zake zilivunjwa zikatupwa mashimoni karibu na hekalu. Wamarekani walizichimbua katika miaka ya 1920, na uchunguzi uliotolewa mwaka 2025 wasema nyingi hazikuvunjwa kwa hasira, bali zilikatwa shingoni, kiunoni na magotini kwa desturi ya kuziondolea nguvu, kama zilivyofanywa sanamu za wafalme wengine.

Hivyo akasahauliwa zaidi ya miaka elfu tatu. Mwaka 1829 Mfaransa Champollion, mtu wa kwanza kuyasoma tena maandishi ya Kimisri, alisimama Deir el-Bahari akataabika, maana alimwona mfalme mwenye ndevu, na maneno yaliyomtaja yalikuwa ya mwanamke. Wengine walilifunua hekalu baadaye, na maisha yake yakaungwa kipande kwa kipande. Mwaka 1903 Howard Carter alifungua kaburi dogo katika Bonde la Wafalme akakuta maiti mbili za wanawake. Mwaka 2007 wakuu wa mambo ya kale wa Misri walitangaza kwamba mmojawapo ni Hatshepsut, kwa sababu jino lililokuwa katika kikasha chenye jina lake lililingana na pengo katika taya lake. Si wataalamu wote waliokubali.

Na ile miti? Wageni wakifika hekaluni huonyeshwa visiki viwili vya kale mbele ya lango, na wengine hurudi kwao wakisema wameiona miti ya Punt. Visiki hivyo ni vya persea, mti wa matunda uliopendwa na Wamisri. Miti 31 haikuiondolea Misri haja yake. Thutmose wa tatu naye alipokea manemane kutoka Punt, na Ramses wa tatu, yapata miaka 300 baada ya Hatshepsut, alituma tena merikebu huko. Utomvu ukazidi kupita kutoka mkono hata mkono: kwa ngamia wa Uarabuni, kwa majahazi, mpaka sokoni Yerusalemu, ambako Nikodemo alichukua manemane na udi yapata ratili mia kwa ajili ya mwili wa Bwana. Siku zetu miti ya uvumba ya Ethiopia, Eritrea na Sudani imo hatarini, kwa kuwa huparuzwa kupita kiasi, na ng'ombe na moto humaliza miche. Uchunguzi wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba katika sehemu nyingi miti michanga haipo kabisa.

Ukuta wa Punt ungali upo Deir el-Bahari. Mahali aliposimama Hatshepsut akiutoa uvumba wake pamechongwa, limebaki umbo tupu. Yapata miaka 100 baada ya kifo chake alikuja Farao Akhenaten, aliyemchukia Amun, na mafundi wake wakamchonga na mungu aliyeupokea. Ramses wa pili akamrudisha baadaye. Miti haikuguswa na yeyote. Watu wa Nehesi wangali wakiichukua mabegani katika vikapu, mizizi yake imefunikwa udongo, wakiipandisha ngazi ya merikebu.